Kamera za nje katika baridi ya Minnesota: namna ya kuzifikisha Aprili zikifanya kazi

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu kamera huanza Januari, asubuhi, baada ya usiku ambao joto limeshuka chini ya nyuzi -20 (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi). "Kaka, kamera imekufa," ananiambia mama mmoja tunayesali naye hapa Brooklyn Park. Namuuliza, "Pole dada. Jana ilikuwa na chaji asilimia ngapi?" Arobaini. "Na leo?" "Haionekani kabisa." Namwambia aitoe betri, aiingize ndani, aiweke mezani kwa muda wa saa mbili bila kuichomeka popote, kisha airudishe aangalie. Mchana ananipigia tena, sauti imechangamka: betri imerudi na asilimia thelathini na kitu.

Kamera yake ilikuwa na njaa tu. Nimefunga na kurekebisha kamera za majirani na ndugu hapa kwa misimu kadhaa, na kila mwaka naona kilekile: baridi peke yake huua kamera mara chache sana. Kinachoiua ni umeme usiotosha, au maji yaliyopata pa kupenya. Karibu kila nitakachoeleza hapa kinahusu moja ya hayo mawili, na karibu vyote vinafanyika Oktoba, wakati vidole bado vinaihisi skrubu.

Nalitilia jambo hili uzito kwa sababu ya namna tunavyoishi. Wengi wetu tuko kwenye kazi za zamu, hospitalini na kwenye nyumba za kulelea wazee. Mtu anatoka kazini saa tano usiku, anafika nyumbani kuna giza na theluji, watoto wamelala. Ile kamera ya barazani ndiyo inayomwonyesha kama kuna mtu mlangoni kabla hajashuka kwenye gari. Ikizima Januari, imezima wakati anaihitaji kuliko wakati wowote.

Soma kibandiko kwanza

Mgongoni mwa kamera, au kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, kuna kipimo cha joto ambacho kamera imetengenezwa kukivumilia. Kamera nyingi za betri huandikwa -20 hadi 45 au 50. Kamera nzuri za waya huandikwa -30 hadi 60, na zipo za -40. Ukikuta 0 hadi 40, hiyo ni kamera ya ndani, hata kama picha ya tangazo inaionyesha imefungwa ukutani nje.

Usiku wa kawaida wa Januari hapa Minneapolis hufika kama -13 au -14, kwa hiyo mtu anaona -20 inamtosha. Haimtoshi. Tarehe 30 Januari 2019 jiji hili lilishuka hadi -33. Kule Tower, kaskazini mwa jimbo, tarehe 2 Februari 1996 walipima -51, na hiyo ndiyo rekodi ya Minnesota mpaka leo. Huhitaji kamera ya -51, lakini ukiwa unanunua, piga hesabu ya usiku mbaya. Usiku wa kawaida hautakusumbua.

Watu wanachanganywa na baridi ya upepo. Mtangazaji akisema nje kunahisika kama -45, hiyo ni hesabu ya ngozi ya binadamu. Upepo utaipoza kamera haraka zaidi, ila hauwezi kuishusha chini ya joto halisi la hewa. Kwa hiyo ukitaka kujua kamera inapitia nini, angalia namba ya joto lenyewe, ile ya "kuhisika" waachie watoto wanaosubiri basi la shule.

Angalia pia herufi IP, kipimo cha kuzuia vumbi na maji, zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji. Mimi sifungi nje kitu kilicho chini ya IP65, na pasipo na paa juu yake nataka 66 au 67. Theluji ikiwa kavu haina shida. Shida ni ikiyeyuka.

Umeme: hapa ndipo penye kazi

Kama una kamera ya betri, elewa kinachotokea ndani yake. Betri ya lithiamu ya kuchaji hutoa umeme kwa chembe zinazosafiri ndani ya kimiminika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi ikizidi, safari hiyo inakuwa nzito. Umeme upo, lakini hautoki kwa kasi kamera inayohitaji, hasa pale taa za usiku zinapowaka na Wi-Fi inapotuma picha kwa pamoja. Kamera inaona umeme umeporomoka, inazima. Ndiyo maana betri ya yule dada ilirudi ilipopata joto.

Kuichaji kukiwa na baridi ni hatari zaidi. Chini ya sifuri, lithiamu inashindwa kuingia mahali pake ndani ya betri, inabaki imejipaka juu kama utando wa chuma, na sehemu hiyo ya uwezo hairudi tena. Kwa sababu hiyo kamera nyingi zina ulinzi unaokataa chaji chini ya nyuzi 0. Hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu paneli za sola. Jua linawaka, anga ni bluu, paneli ni safi, na betri haipandi hata asilimia moja. Paneli haijaharibika. Kamera inaikinga betri. Kengele za mlangoni zenye betri na waya kwa pamoja nazo ziko hivyohivyo: waya umeunganishwa vizuri, lakini betri iliyo baridi haipokei.

Basi kwa kamera za betri fanya hivi:

1. Nunua betri ya pili. Moja inafanya kazi nje, nyingine iko ndani imejaa. Hii peke yake inaondoa nusu ya simu ninazopigiwa.
2. Ukiitoa betri nje, iache ipate joto la nyumba kwa saa mbili ndipo uichaji. Usiiweke juu ya hita wala kwenye oveni ili kuharakisha. Nakuomba sana.
3. Ibadilishe ikifika asilimia 50, usingoje 15 kama wakati wa kiangazi. Kwenye baridi kali, kutoka 40 hadi kuzima kunaweza kuwa usiku mmoja.
4. Kama kamera yako hutumia betri ndogo za AA, weka zile za lithiamu zisizochajiwa tena. Zimetengenezwa kufanya kazi hadi -40. Zile za kawaida za alkali zina maji ndani, na kwenye baridi hulegea mapema sana.
5. Punguza kinachokula chaji: fupisha video, na usiifungue kamera kila dakika tano kuangalia. Kama Wi-Fi inafika ikiwa dhaifu, sogeza rauta au ongeza kifaa cha kurefusha mawimbi, kwa sababu kamera inayohangaika kutafuta mtandao inamaliza betri hata pasipo mtu kupita.

Kuhusu paneli ya sola, sisi tuko karibu na latitudo ya 45. Siku fupi kuliko zote, Desemba, ina mwanga wa saa zisizofika 9, na jua la adhuhuri linapanda nyuzi kama 21 tu kutoka upeo. Paneli iliyolazwa kama kwenye bati la Kisumu au la Mwanza haipati kitu hapa, na theluji inaikalia. Iinamishe kwa mwinuko mkali, kama nyuzi 60 hadi 65 kutoka usawa wa ardhi, uso ukielekea kusini. Hapo inalitazama jua la chini, na theluji inateleza yenyewe. Lakini usiitegemee Januari. Ihesabu kama msaada wa Novemba na Machi.

Ukiuliza ushauri wangu, kwa mlango mkuu na gereji weka kamera ya waya. Kamera inayowaka muda wote hujipasha yenyewe kwa joto lake dogo, na mara nyingi hilo linatosha. Mfumo ninaoupenda ni PoE, ambapo waya mmoja wa mtandao unabeba umeme na picha, na kila kitu kingine kinakaa ndani penye joto. Kumbuka mambo matatu.

Kwanza, waya uwe wa nje kweli. Ganda la plastiki ya kawaida hukakamaa likifika karibu na -20, na ukilikunja linapasuka kama biskuti. Nunua wenye ganda la poliethilini, shaba tupu ndani, na usizidishe mita 100.

Pili, fanya hesabu ya wati. Tundu la kawaida la swichi ya PoE, kile kisanduku cha ndani ambacho nyaya za kamera huchomekwa, hutoa wati 15.4, na kamera hupokea kama 13 baada ya kupotea njiani. Kamera yenye hita ndani yake inaweza kutaka zaidi ya hapo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa, giza likiingia inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Taa za usiku na hita zimewaka pamoja na umeme hautoshi. Badilisha swichi, weka inayotoa wati 30 kwa tundu. Dalili hiyohiyo huonekana kwenye kamera za adapta ya volti 12 zilizovutiwa waya mrefu na mwembamba.

Tatu, usiizime kamera ya waya wakati wa baridi kali "ili ipumzike". Kamera inayoendelea kufanya kazi kwenye -30 inaweza kukataa kuwaka ikishapoa kabisa. Kwa sababu hiyo rauta, swichi na kinasa picha viwekee UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) ndani ya nyumba, umeme ukikatika kidogo kamera isipoe. UPS yenyewe isikae kwenye gereji isiyo na joto, maana nayo ina betri.

Kwa wanaotumia soketi ya nje, iwe ile yenye kinga ya kujikata umeme ukivuja, na iwe na kifuniko kinachofunga hata plagi ikiwa imechomekwa. Waya wa kurefusha uwe na herufi W kwenye maandishi ya ganda lake, ndiyo alama ya matumizi ya nje hapa Marekani. Ikibidi kuongeza soketi mpya, mwite fundi umeme mwenye leseni.

Maji yanaingilia wapi

Msimu wangu wa pili hapa nilifunga kamera ya duara kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, nikatoboa tundu, nikapitisha waya, nikapaka silikoni nje pande zote. Nilijiona nimemaliza. Desemba picha ikaanza kuwa na ukungu, halafu asubuhi moja ikawa nyeupe kabisa. Nilipanda ngazi nikaifungua. Ndani ya kioo kulikuwa na barafu imechanua kama manyoya ya kuku mweupe, imeanzia chini pale waya unapoingilia, ikapanda juu kufuata ukingo. Nje kulikuwa kukavu kabisa. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiitazama mpaka nikaelewa: maji hayakutoka nje. Yalitoka jikoni. Hewa ya ndani, yenye joto na mvuke wa sufuria, ilikuwa inapita kwenye tundu nililotoboa, inafuata waya, inaingia ndani ya kamera na kuganda humo.

Tangu siku hiyo naziba tundu upande wa ndani kwanza. Kuna udongo laini wa kuzibia unaouzwa kwenye duka la vifaa vya umeme, haukauki, unausokota kama unga wa chapati na kuusukuma kuzunguka waya. Ndani ya kamera, kama inafunguka, weka kipakiti cha kunyonya unyevu, vile vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu, ila kiwe kipya. Kilichokaa wazi jikoni mwezi mzima kimeshashiba. Na uifungue na kuifunga kamera siku kavu, maana hewa utakayoifungia humo ndiyo itakayokaa msimu mzima.

Waya kabla ya kuingia ukutani au kwenye kamera uache uning'inie kidogo, kama tumbo la chandarua, ili maji yadondokee hapo chini yasifuate waya hadi ndani. Maungio yote ya nje yakae kwenye kisanduku kisichopitisha maji, na pini zipakwe ile grisi nyeupe ya maungio ya umeme.

Na usiivishe kamera mfuko wa nailoni. Unafungia unyevu ndani, na usiku taa za kamera zinarudi kwenye nailoni na kuipofusha. Vile vifuniko vya mpira vinafaa kukinga theluji, ila havina joto ndani yake. Blanketi halimpashi moto mtu asiye na moto wake.

Mahali pa kuifunga

Zunguka nyumba yako asubuhi moja yenye baridi uangalie moshi mweupe unatokea wapi. Kuna bomba la kikaushio cha nguo, na mara nyingi mabomba mawili meupe ya mtambo wa kupasha nyumba. Kamera iliyo karibu au juu ya bomba kama hilo itaganda lenzi kila siku, na wingu lile la joto litaiambia kuna mtu anapita, kutwa kucha. Isogeze mita kadhaa.

Chini ya ukingo wa paa ni pazuri kwa sababu theluji haifiki, isipokuwa pale barafu inapotengeneza mikuki inayoning'inia. Mkuki mmoja wa mita moja ukidondoka unaondoka na kamera. Safisha gata majani yakishamaliza kudondoka, na usifunge kamera chini ya pembe ambayo mwaka jana ilikuwa na mikuki.

Urefu wa mita 2.5 hadi 3 kutoka chini unafaa, lakini fikiria pia theluji utakayoirundika kwa beleshi. Februari kichuguu cha kando ya njia ya gari kinaweza kuziba nusu ya picha, au kikawa ngazi ya mtu kuifikia kamera. Panga mapema theluji utairusha upande gani, na mashine ya kurusha theluji isielekezwe ukutani.

Kazi yote ya kufunga iishe Oktoba. Kuta nyingi za hapa zimevikwa plastiki, na plastiki hiyo ikiganda, drili inaipasua. Gundi za kubandika vishikizo zinataka nyuzi kama 10 na kuendelea ili zishike. Baadhi ya silikoni nazo zinataka angalau nyuzi 5. Ukibandika kishikizo Desemba, utaikuta kamera kwenye theluji.

Theluji kwenye picha

Usiku theluji ikianguka, taa za infraredi za kamera, zile za usiku zenye mwanga usioonekana kwa macho, zinamulika kila chembe inayopita karibu na lenzi. Picha inajaa michirizi myeupe, kamera inadhani kuna mwendo, inarekodi mfululizo, na betri inaisha kabla ya alfajiri. Zima infraredi usiku huo uwashe taa ya baraza, hasa kama kamera yako inaona vizuri kwa mwanga mdogo. Weka tahadhari za watu tu badala ya mwendo wowote, na chora eneo la kuangalia liishie kwenye njia na ngazi.

Mchana ni kinyume. Ardhi yote ni nyeupe, kamera inapunguza mwanga, na mtu anayekuja anakuwa kivuli cheusi kisicho na sura. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili linaonekana zaidi: kuna video ya mwanangu akirudi shule ambayo mimi mwenyewe nilimtambua kwa begi. Washa WDR (inayosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza kwenye picha) kwenye mipangilio, au pandisha mwanga kidogo, kisha mtu asimame mlangoni ujaribu mpaka uso uonekane.

Picha ikiwa na rangi ya waridi mchana, au nyeusi kabisa usiku, kuna kichujio kidogo kinachosogea mbele ya lenzi kati ya mchana na usiku, na baridi hukigandisha katikati. Ibadilishe kamera kutoka mchana kwenda usiku mara kadhaa kwenye programu ya simu, usikie kile kimlio cha "tik". Mara nyingi kinajiachia.

Lenzi ikiganda

Usimwagie maji ya moto, kioo kitapasuka na maji yataganda kwenye maungio. Usiikwangue kwa kile kikwangulio cha gari. Chumvi ya barabarani inakula chuma, na dawa za kuyeyusha barafu ya kioo cha gari zinaweza kufifisha kifuniko cha plastiki.

Theluji kavu ipangusie brashi laini yenye mpini mrefu, ukiwa chini. Barafu nyembamba ishikie kitambaa laini kilichopata joto ndani ya nyumba, mpaka iachie yenyewe. Ikiwa nene na kamera inatoka kwa urahisi, ingiza kamera ndani, ila ifungie kwanza kwenye mfuko wa plastiki unaobana ukiwa bado nje. Umande utatokea juu ya mfuko badala ya ndani ya kamera. Iache hivyo saa kadhaa kabla ya kuufungua. Na kama ngazi ya kupandia imesimama juu ya barafu, acha. Kamera ingoje.

Machi ndio mwezi wa kuiangalia tena

Watu wakiona theluji inaanza kuyeyuka wanasahau kamera. Machi na mwanzoni mwa Aprili, mchana ni juu ya sifuri na usiku ni chini yake, siku baada ya siku. Maji yanaingia kwenye ufa mdogo mchana, usiku yanaganda na kutanuka kama asilimia 9, ufa unakua, kesho yanaingia mengi zaidi. Kamera iliyovumilia -30 Januari inaweza kufa kwa kuloana Machi. Siku ya kwanza kavu yenye jua, panda uikague: skrubu zilizolegea zikaze, silikoni iliyoachia ing'oe na uandike mahali pake ili upake upya joto likiruhusu, waya uliokwaruzwa na barafu uvalishe ganda jipya. Futa lenzi kwa kitambaa laini, kisha angalia video ya usiku uliopita kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ukungu mdogo wa ndani hujitokeza karibu na alfajiri tu.